Soko Halijui Mwezi

Mwaka 2015, miezi ile ambayo mwalo wa Kibirizi, pale wavuvi wanaposhusha samaki, haukuwa na pa kukanyaga, Dismasi aliwasha taa mchana kweupe na watu wakamzunguka. Upande mmoja maboti yalikuwa yanashusha wakimbizi waliovuka mpaka kupitia Kagunga, akina mama wenye magodoro kichwani na watoto waliochoka hata kulia. Upande wa pili mitumbwi ilikuwa inashusha dagaa na wanunuzi wanagombania ndoo. Katikati ya vurugu hiyo alisimama yeye, fundi taa wa Kampuni ya Rasi, fulana yake ya bluu ya kampuni ikiwa bado na mikunjo ya dukani, akionyesha taa mpya ya kuvulia inayotumia betri.

"Karabai zenu mtaziuza chuma chakavu," alikuwa anasema. "Hii haitaki mafuta ya taa, haitaki kupampu, na upepo hauizimi."

"Kaka, kwani jua la leo halikutoshi?"

Watu wakacheka. Dismasi akageuka akamwona binti mrefu aliyejifunga kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, beseni la dagaa kichwani, mikono yote miwili kiunoni. Maji ya dagaa yalikuwa yanamchuruzika shingoni wala hakujali.

"Dada, nimeiwasha ili watu waangalie taa. Sasa umekuja wewe, nitaizima ya nini?"

"Izime tu, usimalize betri ya watu."

Akaizima. Akamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," na binti akaitikia bila kusita. Akamwuliza anatoka wapi, mbona sura ngeni.

"Manyovu," binti akajibu. "Niko Bangwe kwa shangazi yangu, Marcelina. Naitwa Leonia. Na usiniombe namba ya simu mbele ya watu wote hawa."

"Nikuombe wapi sasa?"

"Nifuate hadi pale kwenye mti wa muuza chai, kama mguu unao."

Aliufuata mti, chai hakunywa, namba akapata.

Wewe msomaji nikuambie mapema: Leonia hakuwa wa Manyovu. Alikuwa mtu wa Rumonge, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa ameshuka Kagunga na wenzake kisha akaletwa Kigoma kwa meli. Shangazi yake Marcelina, aliyekimbia vita vya zamani na kuolewa Bangwe, alimkuta uwanja wa Lake Tanganyika akisubiri basi la kambini. Akamtupia khanga begani akamwambia, "Tembea kama unatoka sokoni." Wakatoka. Kirundi na Kiha ni mtu na jirani yake, na mtaani hakuna aliyeuliza. Lakini mkimbizi akikutwa nje ya kambi bila kibali anakamatwa, na aliyemficha anaulizwa. Leonia aliishi Bangwe kwa hofu.

Kwa Dismasi tu ndipo aliposahau. Simu ilikuwa haipoi.

"Uko wapi, taa yangu?"

"Kwenye vichanja vya Rasi, nageuza dagaa wakauke. Na usiniite taa, utakuja kuniambia nichajiwe."

"Nikuite nani?"

"Niite Leonia. Ukinikosea ndiyo utaniita mpenzi, kuomba radhi."

"Basi leo nitakukosea makusudi, mpenzi."

"Una wazimu wewe. Hebu kata, msimamizi anakuja."

Jumapili alimpeleka kwao Gungu. Leonia alivaa gauni la kijani alilolishona shangazi yake na viatu vya kuazima vilivyombana. Mama yake Dismasi akampakulia ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa mawese, akamtazama anavyokula, akamwambia mwanawe pembeni kwamba huyu anakula kama mtu wa ziwani, asimwache. Dismasi hakuwa na mpango wa kumwacha.

"Mwezi ukijaa nakuoa," alimwambia wakirudi. "Sitaki kusubiri mwezi mwingine."

Hapo nieleze kidogo. Dagaa wa ziwa letu wanafuata taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga na taa ya mvuvi haina kazi, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa mchangani mpaka giza lirudi. Siku hizo nyavu zinashonwa, paa zinazibwa, wanaume wanalala majumbani kwao, na harusi zinafungwa kwa sababu ndiyo wakati ambao bwana harusi na wajomba zake wote wako nchi kavu. Samaki nao wanapumua. Babu zetu hawakuitungia sheria, waliishi hivyo tu. Nusu ya watoto wa Bangwe wameanzia hapo.

Sasa nije kwa Rasi.

Sitaki kusema uongo, mwanzoni tuliipenda. Ilileta barafu, ikachonga barabara ya kushukia mwaloni, ikagawa taa kwa kila mtumbwi bila kudai hata dhamana. Ilitaka kitu kimoja tu, kwamba mwenye taa yake auze dagaa kwake na si kwa mwingine. Tukaona ni jambo dogo. Marcelina, aliyekuwa akinunua dagaa mwaloni, akiwakausha na kuwasafirisha kwa jina lake mwenyewe, akajikuta hakuna mvuvi wa kumuuzia. Akaenda kuomba kibarua cha kugeuza dagaa walewale kwenye ufuko uleule, amevaa koti la kampuni. Akina mama wengi walifanya hivyohivyo na sisi tulikaa kimya, kwa sababu taa zilikuwa zinawaka vizuri. Nikikumbuka ukimya ule najichukia.

Siku chache kabla ya mwezi kujaa, Bonaventura akaita mkutano kwenye uwanja wa kiwanda. Bonaventura alikuwa msimamizi, mtoto wa hapahapa Bangwe, baba yake alikufa mvuvi. Alisimama juu ya kreti, shati jeupe, simu mbili mkononi.

"Wakubwa wa Dar wamesema hivi," akaanza. "Kiwanda hakiwezi kulala wiki nzima kila mwezi. Wateja wa nje wanataka mzigo. Soko halijui mwezi."

"Wapigie dagaa simu uwaambie," mtu mmoja akasema, watu wakacheka.

"Hatutatumia taa. Tutavuta kokoro."

Kicheko kikakatika. Kokoro ni wavu mrefu unaozungushwa karibu na ufuko kisha watu wanauvuta kwa kamba kuelekea nchi kavu. Unakwangua chini, unazoa mayai na vifaranga vya samaki pale wanapozaliwa. Serikali imekataza, na hata isingekataza, hakuna mvuvi mwenye akili anayekula mbegu. Bonaventura alilijua hilo tangu yuko tumboni.

Dismasi alinyoosha mkono. Kila mtu alijua harusi yake.

"Kaka Bona, na mimi naoa Jumapili."

"Oa asubuhi. Saa nane uwe kazini. Na asiyetaka kuvuta arudishe taa ya watu."

Dismasi alikuwa amezisifu taa zile mwalo mzima. Aliona haya, na haya yake ikageuka hasira. Jioni ile aliacha kuchaji betri, wavuvi wakapandisha mitumbwi mchangani kama siku zote, na hakuna mtu wa Bangwe aliyekwenda kushika kamba.

Kampuni haikubembeleza mtu. Bonaventura alikwenda mpaka kwenye vichanja, akasimama karibu na Leonia kana kwamba anakagua dagaa.

"Leonia wa Manyovu," akasema polepole. "Manyovu ya upande gani wa mpaka?"

Mikono ya Leonia iliendelea kugeuza.

"Nimewaambia wakubwa watu ninao. Wako wenzako wengi wamejibanza mjini, wengine wametoroka kambini, na wote wana njaa. Kesho mtavuta. Wewe utakuwa mbele, wanakusikiliza."

"Nikikataa?"

"Napiga simu moja. Wewe kambini, na shangazi yako aeleze kwa nini alikuficha. Ana watoto wadogo yule, sivyo?"

Kwa namna hiyo ndivyo kampuni ilivyopata wafanyakazi wake, watu ambao hawawezi kwenda kulalamika popote kwa sababu kujitokeza kwenyewe ni kosa.

Leonia alimpigia Dismasi jua linazama, ameshaamua kusema yote. Simu haikuita mara mbili.

"Mpenzi, bora umepiga," Dismasi akasema, anahema kwa hasira. "Umesikia? Rasi wanaleta wakimbizi wavute badala yetu. Haki ya Mungu, watu hawana shukrani. Tumewapokea, tumewapa uji, sasa wanakuja kutuvunja migongo. Warudi kwao."

Leonia aliondoa simu sikioni, akairudisha.

"Leonia? Ulitaka kuniambia nini, mama?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kusikia sauti yako tu."

"Sauti yenyewe ndiyo hii ya kugombana. Nisamehe. Lala salama, bibi harusi."

Asubuhi iliyofuata mji ulishuka kwenye ufuko wa kampuni, chini ya Bangwe. Wavuvi, wake zao, watu wa Gungu waliosikia tu kelele. Walikuta wanaume kwa wanawake wamejipanga kwenye kamba mbili, maji magotini, nguo zao zilezile walizokimbia nazo. Hakuna aliyewapa hata glavu. Watu wetu wakaanza kuzomea. Maneno yaliyotoka siku ile sitayaandika, baadhi yalitoka kwa majirani zangu ninaowasalimia mpaka leo.

Dismasi alisukuma watu akapita mbele, na mbele kabisa ya kamba akaona kitenge cha njano chenye ndege wa bluu.

"Leonia. Unafanya nini na hawa wakimbizi?"

Leonia alimwangalia, kamba bado mikononi. Bonaventura akajibu kwa niaba yake, anacheka.

"Hujui? Muulize alishuka Kagunga lini."

Laiti Dismasi angenyamaza. Angeweza kuuliza swali la pili. Lakini mji mzima ulikuwa unamtazama, na aibu ilimpanda kichwani.

"Kumbe hiyo kamba ndiyo mahari uliyojitafutia," akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Rudi kwenu basi."

Akageuka akaondoka. Leonia akainama akaendelea kuvuta, machozi yanaingia mdomoni. Na Bonaventura aliwaangalia wanyonge wanavyotukanana mchangani, akapiga simu Dar kusema kazi imeanza. Huko Dar, mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa letu akajibu vizuri sana.

Wavu ulikuwa karibu kufika ulipokwama kwenye jiwe. Mzee mmoja wa Rumonge, Martini, alikuwa ameizungusha kamba kwenye kiganja ili isimteleze. Wimbi likarudi na wavu, kamba ikakaza. Alipiga ukelele mmoja tu. Leonia aliingiza vidole kuilegeza, kamba ikakaza tena na kidole chake cha pete kikalia, kimevunjika. Walipofanikiwa kuitoa, mkono wa mzee ulikuwa hautazamiki. Leonia akachana kipande cha kitenge akamfunga.

"Bona, lete gari tumpeleke hospitali."

Lori la barafu lilikuwa limesimama pale linanguruma. Bonaventura alipiga simu, akasikiliza, akawa anaitikia ndiyo, ndiyo. Alipokata hakumtazama mtu usoni.

"Wanasema huyu si mfanyakazi wetu. Hatuna jina lake. Na gari la chakula haliwezi kubeba damu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vuteni, wavu unakaribia."

Leonia alitazama majini. Wavu ulikuwa umeshakaza duara, na ndani yake vifaranga vya dagaa, vidogo kiasi kwamba unaona mpaka ndani ya tumbo, vilikuwa vinachemka juu ya maji. Alifungua viganja.

"Murekure," akasema. Kisha akarudia kwa Kiswahili, ili Bonaventura naye asikie vizuri. "Achieni kamba."

Mmoja akaachia, wa pili, wote. Kamba zikateleza zikarudi majini, mdomo wa wavu ukafunguka, na ule weupe wote ukasambaa ukapotea ziwani. Waliokuwa wanazomea wakanyamaza. Wavuvi wetu wawili wakatoka kwenye kundi bila kuambiwa, wakambeba Mzee Martini mpaka barabarani kutafuta bodaboda. Bonaventura akapiga ile simu yake moja, na kabla ya adhuhuri Leonia na wenzake walikuwa uwanja wa Lake Tanganyika wakisubiri basi la kambi ya Nyarugusu.

Dismasi hakuyaona hayo. Alikuwa Gungu, amejilaza chali, simu ameizima. Marcelina aliingia bila hodi.

"Shikamoo, Shangazi," Dismasi akakurupuka.

"Hiyo shikamoo kaiweke kabatini. Unajua kwa nini mwanangu alishika kamba?"

"Alinidanganya. Aliniambia Manyovu."

"Na mimi nilimfundisha kudanganya. Ulitaka aje akwambie yeye ni mkimbizi, wakati kila siku unamwimbia wakimbizi hawana shukrani? Bona alimtishia mimi na wanangu. Alivuta ili mimi nisifungwe. Umemkuta mwenzio amefungwa kamba, unamtukana eti kwa nini ameshika kamba. Na taa ulizotuletea wewe, Dismasi, nani alituhubiria? Alizileta mkimbizi?"

Dismasi alivuta kiti akakaa. Marcelina akamweleza ya Mzee Martini, ya kidole, ya wavu.

"Basi lao limeondoka sasa hivi," akamalizia. "Mimi nimesema yangu."

Bodaboda ilimkimbiza Dismasi barabara ya Kasulu. Walilikuta basi Kidahwe, limesimamishwa kwenye kizuizi, askari wanahesabu watu. Leonia alikuwa dirishani, mkono umefungwa kitambaa cha njano.

"Leonia."

"Usinisemeshe, wenzako watakuona."

"Nimekosa, mpenzi."

"Leo ndiyo umepata sababu ya kuniita hivyo." Hakutabasamu.

"Yule Bona na kampuni yake walitaka tugombane, na mimi nikaingia mzimamzima. Wao ndio—"

"Hapana. Usiwatupie wao kila kitu. Kamba walinipa wao, na Mungu anawaona. Lile neno la mahari lilitoka kinywani mwako. Hakuna mtu wa Dar aliyekutuma."

Dismasi akashika chuma cha dirisha.

"Lilitoka kwangu," akasema mwisho. "Nilikuwa na hasira nao, nikamtafuta wa kumpiga aliye karibu na asiye na pa kwenda. Nilikuona wewe. Nakuomba radhi, Leonia, si kwa kuwa nimejua ukweli. Hata ungekuwa umeshika kamba kwa njaa tu, nisingepaswa kukuambia vile."

Machozi yakamtoka Leonia bila sauti.

"Ndagukunda," akasema, na kwa mara ya kwanza alimwambia kwa lugha yake mwenyewe kwamba anampenda. "Lakini unanikera sana."

"Mwezi mwingine ukijaa nakuja. Huko huko kambini, mbele ya padre. Unanikubali?"

"Na fulana hiyo?"

Dismasi akajitazama. Alikuwa bado amevaa ile ya bluu. Akaivua palepale, kifua wazi barabarani, akamrushia mwenye bodaboda aliyeipokea akafutia kiti cha pikipiki yake. Leonia akacheka huku analia, basi likaondoka.

Mwezi uliofuata mitumbwi ya Bangwe ilipandishwa mchangani. Wavuvi walikuwa wamerudisha taa za kampuni na kutoa karabai zao darini, na Dismasi ndiye aliyezitengeneza moja moja, mikono imejaa masizi. Usidhani Rasi ilifilisika. Ilihamisha kokoro lake kwenye ufuko mwingine kusini, ikapata watu wengine wasio na majina, na Bonaventura akapandishwa cheo. Dagaa wa Rasi wanavuka mipaka kwa malori na hakuna anayewauliza kibali. Yanapopita yanapiga honi, na mimi huwa sigeuki.

Harusi ilifungwa Nyarugusu. Bwana harusi alikuja na wajomba zake wote na gunia la dagaa waliokaushwa na Marcelina kwa jina lake mwenyewe. Bibi harusi alivaa gauni jeupe la kuazima, na kiunoni alijifunga kilichobaki cha kile kitenge cha njano. Mzee Martini alikaa mbele, mkono wake wa kulia kifuani, hautashika jembe tena.

Padre alipofika kwenye pete, haikuingia. Kidole cha Leonia kilikuwa kimeunga vibaya, fundo limevimba katikati. Dismasi akajaribu polepole, akaogopa kumwumiza.

"Mvishe cha mkono mwingine, mwanangu," Marcelina akanong'ona. "Mungu anaelewa."

"Hichohicho," Leonia akasema, na kanisa zima la maturubai likasikia. "Kampuni haitanichagulia kidole."

Mtu akaleta sabuni. Pete ikapanda mpaka kwenye fundo, ikakataa kwenda mbele, wakaiacha hapo. Jioni wageni wote walitakiwa kutoka, kwani ndoa si kibali: mume haruhusiwi kulala kambini wala mke kutoka. Mwezi mpevu ulikuwa unachomoza nyuma ya miti Dismasi alipofika getini. Alipogeuka alimwona mkewe bado amesimama, mkono juu, amekaza kidole kile ili pete isidondoke.